Baba Mkwe, Simba na Suruali ya Zuhura

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibikia nchi ya watu, ndani ya hifadhi ya watu, mbele ya simba wa watu.

Zuhura, Tumpe, Neema, nawaandikia wote watatu barua pepe moja maana sina nguvu ya kusimulia mara tatu. Niko kwenye kafe ya intaneti hapa Nairobi, jirani na gesti yangu. Dada wa kaunta ameshaniuliza kama nimefiwa, kwa sababu nacheka huku machozi yananitoka. Nimemwambia sijafiwa. (Ila nusura nife mimi.)

Tumpe, soma ukiwa umekaa. Neema, usisomee kazini. Zuhura, wewe una kesi ya kujibu, nitakufikia.

Basi. Mnajua nilikuja huku kufuata mzigo wa nguo. Siku hizi biashara ni huria, na sisi wanawake wa Tukuyu tumeshaijua njia ya Namanga. Mzigo nimenunua, umefungwa, unasubiri basi la kesho. Leo Jumapili nikawa sina kazi. Na nilikuwa na ahadi ya mtu.

Mtu mwenyewe ni mwanangu Subira. Siku naondoka alining'ang'ania sketi pale stendi. "Mama, Nairobi kuna simba, mwalimu amesema. Ukamwone. Uniangalizie kama ana masharubu kama ya Babu."

Nikamwambia nitaangalia, mwanangu. Lakini moyoni nilicheka, maana hayo masharubu ya Babu yenyewe mimi nilikuwa sijawahi kuyaona.

Tumpe anaelewa. Zuhura, wewe umezaliwa Tukuyu mjini lakini kwenu ni watu wa pwani, na Neema ni wa Moshi, kwa hiyo ngoja niwaeleze polepole. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi hawapendani. Hawaonani kwa macho! Uso wake siutazami, na wangu hautazami. Jina lake silitamki (na humu siliandiki, msinichokoze). Akitokea njiani, mimi naingia migombani mpaka apite. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea jikoni. Wengi siku hizi wameacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama televisheni. Mzee wangu hajaacha. Ni mzee wa kanisa, anasali kuliko mchungaji, lakini kwa jambo hilo hana mchezo. Tangu niolewe pale Nkunga namjua kwa kikohozi, kwa fimbo yake, na kwa mgongo wa koti lake la kaki. Upande wa mbele wa Mzee ni habari za kuambiwa.

Na msidhani natania. Mke wa shemeji yangu mkubwa alipita mbele yake msibani, ana ndoo ya maji kichwani, bahati mbaya tu, hakumwona. Alirudishwa kwao Masukulu akafundwe upya! Watu hawakumsema yeye. Walimsema mama yake. "Alimlea vipi?" Mama wa watu alilia kanisani. Sasa mama yangu yuko Kisiba, peke yake, na presha anayo. Nilishaapa kwamba aibu ya namna hiyo haitafika mlangoni kwake kwa mkono wangu.

Haya. Tuje kwenye suruali.

Zuhura! Ni wewe uliyenipa. "Chukua hii jinzi, Atu. Nairobi nani anakujua?" Maneno yako hayo, usikatae. Leo asubuhi nikaivaa. Nikajitazama kwenye kioo cha gesti. Weee! Nikageuka, nikajitazama na kwa nyuma. Nikavaa kofia pana, miwani ya jua, kamera ya kuazima shingoni. Kitenge changu nikakikunja nikakiacha chini ya mto. (Kitenge, nisamehe.) Mke wa mtu kutoka Nkunga akatoka pale gesti akiwa mtalii kamili.

Jumapili kuna basi linalowachukua watu mjini kwenda hifadhini. Nikawahi kiti cha mbele kabisa, sambamba na dereva. Jamani, hifadhi iko hapo hapo mjini! Sisi kwetu wanyama tunawaona Mikumi, kwa dirisha la basi la Dar, na dereva hapunguzi mwendo hata umlilie. Hapa ghorofa hili, mbuga hii. Nilikuwa na furaha ya kitoto, sikai nikatulia. Dereva alikuwa baba mmoja mnene, mcheshi, anaitwa Njoroge, ndiye huyo huyo anayewaonyesha watu wanyama.

"Kaka, simba tutamwona kweli?"

"Simba ni kama mwenye nyumba wa hapa Nairobi, madam. Siku huna haja naye ndiyo anatokea."

Nilicheka mpaka kofia ikadondoka. Laiti ningejua.

Tulipofika getini tukakuta basi jingine limeharibika, linafuka moshi, abiria wake wamesimama kando. Njoroge akasema watapanda letu. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani upande wa pili, natazama tumbili anamnyang'anya mzungu ndizi. (Ndizi yenyewe kidogo kama kidole cha mtoto. Kwetu hiyo tunampa ndama.) Kwa hiyo waliopanda sikuwaona. Nilisikia tu vishindo, viatu vizito, fimbo zinagonga sakafu. Mlango ukafungwa, geti likafunguliwa, tukaingia.

Fimbo, jamani! Fimbo zile zilipaswa kunishtua. Lakini mtu mwenye suruali mpya hasikii vizuri.

Tukaenda. Nyasi, miti ya miiba, anga kubwa. Mara pundamilia hao! Kundi zima, wamenona kama wamepakwa mafuta. Hapo hapo nyuma yangu mtu akapiga kelele: "Mwe! Keta! Keta!"

Keta ni "tazama," kwa Kinyakyusa.

Kinyakyusa! Nairobi! Ndani ya hifadhi! Nilisahau umri wangu. Nilipanda magoti juu ya kiti, nikageukia nyuma, nikavua miwani, nikatanua mikono kama naimbisha kwaya, nikapaza sauti ya Tukuyu sokoni:

"Mugoniiile!"

Salamu ikafia hewani.

Safu ya kwanza, nyuma yangu tu, palikuwa na koti la kaki. Sasa nililiona kwa mbele. Lina vifungo vikubwa vya kahawia, kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi. Na huo uzi mweusi naujua, maana niliushona mimi, koti likiwa limeletwa jikoni na mama mkwe. Juu ya kile kifungo macho yangu hayakupanda. Hayakuwa na haja.

Nilianguka. Sikukaa, nilianguka, kutoka kwenye kiti mpaka chini, pale kati ya kiti na kioo cha mbele, nikajikunja, kofia usoni.

Mtauliza alifikaje. Hata mimi nilijiuliza kule chini. Nilijua kikundi cha wakulima wadogo wa chai wa kwetu kinakuja Kenya, ziara ya kujifunza, watembelee mashamba ya Limuru. Lakini Mzee alikataa katakata! Alisema kwa sauti mpaka sisi wa jikoni tukasikia: "Nipande basi hadi Kenya kutazama chai? Chai ninayo mlangoni!" Nikaondoka Tukuyu najua namwacha shambani kwake. Kumbe nyuma yangu alibadili mawazo. Na walikuwa wazee wanaume watupu, maana wake zao waliachwa wachume chai. Hata mama mmoja wa kunirushia khanga hakuwepo.

Njoroge akaniinamia huku anaendesha.

"Madam, umeangusha kitu?"

"Ndiyo."

"Nini?"

"Heshima yangu."

"Iko na rangi gani, tukusaidie kutafuta?"

"Kaka, simamisha gari nishuke!"

"Hapa? Madam, hapa ukishuka umekuwa chakula cha mchana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini ardhi ya pale ina wenye kazi hiyo tayari, wana na meno.

Huko nyuma wamekaa watu wazima walioona wasichotaka kuona. Kisha nikakisikia kile kikohozi. Kifupi, kikavu, mara mbili. Kile kinachosema nyumbani, "Napita, jifiche." Mama yangu! Nijifiche wapi tena, Mzee wangu? Nimeshafika chini ya dashibodi!

Mwenyekiti wa kikundi chao, mzee Ambwene (Tumpe unamjua, yule mrefu wa kanisani), akasimama akaja mbele. Nikaona viatu vyake tu.

"Huyu si mama Subira?"

"Ndiye, baba," nikajibu ndani ya kofia.

"Mwe! Na hayo mavazi?"

"Baba, naomba tuyaache mavazi."

Akavuta pumzi. Akamgeukia Njoroge, kwa kile Kiswahili chao cha wazee wa kwetu: "Deleva, ndugu yangu, simama kidogo. Tuna shida ya kikwetu."

Basi likasimama katikati ya mbuga. Mzee Ambwene akaeleza mila yetu kwa abiria wote. Akaeleza vizuri, taratibu, kama anahubiri, na mimi niko chini miguuni pake kama mfano wa mahubiri. Mama mmoja Mkenya aliyekuwa na kikapu akauliza:

"Kwani hawa wamekosana?"

"Hapana, mama. Wanaheshimiana."

"Ai! Na wakikosana inakuwaje?"

"Wakikosana ni rahisi. Tunawapatanisha."

Wazee wakafanya kikao. Kikao kamili, ndani ya basi, nyumbu wanatutazama! Uamuzi ukapitishwa. Walikuwa na bango la kitambaa, refu, la kijani, wanalopigia picha kila wanapofika: WAKULIMA WADOGO WA CHAI RUNGWE, ZIARA YA MAFUNZO. Wakalitandaza kukata basi nusu, wakalifunga kwenye vyuma vya kushikia, pazia likapatikana. Mbele mimi na Njoroge. Nyuma Mzee na dunia nzima.

Nikatoka chini. Nikakaa. Nikavuta pumzi. Na mnajua mimi nilivyo, furaha hainiachi muda mrefu. Dakika chache tu nilikuwa naruka tena kwenye kiti. Twiga! Twiga amesimama, nyuma yake maghorofa ya Nairobi, kichwa chake kimepita paa! Mbuni anakimbia kama mama mchungaji aliyechelewa ibada! Na nyuma ya pazia nawasikia wazee nao wamechangamka, wakachungulia madirisha ya pembeni. Walipomwona nyati ndiyo ikawa vurugu.

"Ng'ombe gani huyu! Keta shingo!"

"Deleva, huyu anatoa maziwa kiasi gani?"

"Huyu hakamwi, mzee."

"Hajapata mkamuaji!"

Nilicheka kwa kuziba mdomo, maana kucheka kwangu nako Mzee hatakiwi kukusikia. Nikasema moyoni, Atu, umepona. Utamaliza safari, utashukia mlango wa dereva, utapotelea mjini, na mama yako Kisiba hatajua lolote.

Ndipo Njoroge akakanyaga breki polepole, akanong'ona: "Madam. Mwenye nyumba huyo."

Simba! Dume! Amelala katikati ya barabara, mbele yetu kabisa, kidevu juu ya miguu, kama mbwa aliyechoka. Nywele zile! Na ukubwa ule! Picha zote mlizoona ni uongo, jamani. Mwili wangu wote ulisisimka. Lakini alikuwa amelaza uso upande wa pili. Nikawa naona kisogo na sikio moja.

"Simba yuko wapi?" wazee wakauliza nyuma.

"Mbele, wazee. Barabarani."

Lakini mbele kuna nini? Mbele kuna pazia. Kutoka Tukuyu mpaka Nairobi, siku na usiku kwenye basi, wanakuja kutazama nyuma ya bango lao wenyewe. Wakaanza kunung'unika. Halafu nikamsikia mzee Ambwene anamwambia mtu, kwa sauti ya chini: "Pole, ndugu yangu. Na ndilo lililokuleta." Kisha akasogea kwenye pazia akaniambia:

"Mama Subira, Mzee anasema wewe tazama tu. Yeye atamwambia mjukuu wake hakubahatika."

"Mjukuu yupi, baba?"

"Subira wako. Si ndiye aliyembembeleza aje? Alimwambia, Babu, uniangalizie kama simba ana masharubu kama yako."

Huyu mtoto! Kazi moja ameigawa kwa watu wawili! Kumbe Mzee aliyekataa kwenda kutazama chai alikubali kupanda basi la siku mbili kwa ajili ya swali la Subira. Na sasa ananiachia mimi. Mimi niliyevaa jinzi ya mitumba na kuacha kitenge chini ya mto. Nililia, sifichi. Wanasema heshima si utumwa, na leo nimejua maana yake.

"Mwenyekiti," nikasema, "mwambie Mzee aje akae huku mbele. Mimi nakwenda nyuma."

Kikao kingine. (Hawa wazee wanapenda kikao!) Mpango ukawa huu: wafungue bango, wanifunike mimi nalo toka kichwani mpaka miguuni, nipite katikati kurudi nyuma kwa kupapasa. Nikishapita, Mzee ainuke aje mbele. Hapatakuwa na kuonana.

Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa simba.

Wakanifunika. Nikaona kijani tupu. Nikapiga hatua moja, nyingine, mikono mbele. Hapo hapo nikasikia Njoroge anasema, "Uuui, ameamka. Anakuja." Nikasikia gia inalia. Basi likaruka kinyumenyume.

Nikapepesuka. Nikarudi mgongo mgongo. Nikatafuta chuma cha kushika, sikukiona. Nikakaa.

Mahali nilipokaa palikuwa na magoti. Na magoti yalikuwa yamefunikwa na koti la kaki.

Mkamwana! Juu ya mapaja ya baba mkwe! Na suruali! Bango lilikuwa limeteleza kichwani, limenizunguka kiunoni, na maneno ZIARA YA MAFUNZO yako pale nilipokalia. Nikageuza shingo, na uso wa Mzee ulikuwa pale, karibu kiasi ambacho ningeweza kumhesabia kope.

Nikayaona. Masharubu. Meupe, manene, yameshuka pembeni mwa mdomo, la kushoto limeungua kidogo nchani, nadhani ni kiko. Macho ameyafumba kwa nguvu mpaka uso umekunjamana, na midomo inakwenda, anasali. Na nyuma ya kichwa chake, dirishani, nje ya kioo tu, simba anapita! Uso wake kwa uso wetu! Anatembea bila haraka, pua pana, na pembeni ya pua, masharubu! Machache, magumu, yamesimama moja moja, kila moja limetokea kwenye kidoa cheusi!

Masharubu mawili kwa mpigo, nani alishayaona duniani? Akili ikaniruka. Nikapiga kelele basi zima likasikia:

"ANAYO MASHARUBU!"

"Nani?" akauliza yule mama wa kikapu. "Simba ama mzee?"

Nilichomoka pale magotini, nikajirusha mbele, nikarudi chini ya dashibodi kwangu. Sasa pale ni nyumbani.

Njoroge akasimamisha basi, anahema, anafurahi. "Wazee! Mmemwona vile amepita karibu? Huwa hapiti hivyo!"

Kimya.

"Mmemwona?"

Hakuna aliyemwona. Hata mmoja! Mzee Ambwene alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Wengine wote, nilipoanguka pale magotini, waligeukia madirisha ya upande wa pili ili wasiishuhudie aibu yangu. Wazee wazima, wamejipanga, wanatazama nyasi. Njoroge anasema tangu aanze kazi hajaona watu wakitoka nchi jirani kuja kumpa simba mgongo.

Tulizunguka tena, simba hakuonekana. Mwenye nyumba alishajifungia ndani.

Pale getini nilishukia mlango wa dereva nikakimbilia nyuma ya vyoo, nikasimama natazama ukuta. Kichwani naona jambo moja tu, mama yangu Kisiba anafuta machozi kanisani na watu wanaulizana alinilea vipi. Mara nikasikia viatu, fimbo, kikohozi. Vikasimama upande wa pili wa kona. Mzee Ambwene akaja akasimama pale kwenye kona, katikati yetu, kama nguzo.

"Mama Subira, Mzee ana maswali."

"Nasikiliza, baba."

"Anauliza, simba ulimwona?"

"Nilimwona."

Mzee Ambwene akageuka akarudia, "Anasema alimwona," ingawa Mzee yuko pale pale na masikio yake mazima.

"Anaomba umweleze. Na sisi wengine tunaomba."

Nikaeleza, jamani. Naeleza ukuta! Nikaeleza nywele, nikaeleza mwendo, nikaeleza makucha. Nikasikia wazee wengine nao wamesogea, "Eee! Ena! Endelea!" Mmoja akaomba nirudie kuhusu mkia, kwa sababu yeye ndiye atakayesimulia kikundi cha Masukulu.

"Anauliza tena. Ana masharubu?"

"Mwambie anayo. Machache, magumu, yamesimama."

"Anauliza, ni kama ya nani?"

Mnauona huo mtego? Nikisema ni kama yake, nimekiri kuwa nimemwona usoni, mbele ya mashahidi. Nikisema si kama yake, ni yale yale! Jasho likanitoka. Nikafikiri. Nikasema:

"Mwambie sijui. Sijawahi kuona ya kufananisha nayo."

Hapo nikasikia kitu ambacho tangu niolewe sijawahi kukisikia. Mzee alicheka! Kicheko kizito, cha tumboni, kikaishia kwenye kikohozi, fimbo inagonga chini. Na wazee wote wakacheka.

"Anasema ndaga fijo, asante sana," mzee Ambwene akaniambia, na yeye anafuta macho. "Anasema hilo ndilo jibu la mtoto aliyelelewa. Tukifika, atapita Kisiba mwenyewe akamshukuru mama yako."

Nikaegemea ule ukuta wa choo kama ni ndugu yangu. Mama yangu! Atashukuriwa!

Kwa hiyo sikilizeni. Wiki ijayo mtawasikia wazee wa chai pale sokoni wanasimulia simba wa Nairobi, mwendo wake, makucha yake, mkia wake. Nyamazeni. Itikieni "Eee!" Huyo simba ni wangu, ila nimewapa. Na Tumpe, nyumba yako inatazamana na ya mama mkwe wangu, kwa hiyo kicheko chako kimalizie hapo hapo ulipo.

Zuhura, jinzi yako nitairudisha nikiwa nimeikunja ndani ya kitenge, ndani ya mfuko, ndani ya mzigo. Na nina swali, nimekaa hapa kafeni tangu mchana nalifikiria. Nilipokuwa naondoka pale vyooni, mzee Ambwene aliniita tena.

"Mama Subira, Mzee amesahau jambo moja. Anasema usihangaike kuhusu ile suruali. Alifumba macho tangu mwanzo, hakuiona."

Nikashukuru, nikaenda zangu. Sasa nyie mliosoma niambieni: kama hakuiona, amejuaje kuwa ni suruali?